Nakala za Violeth

Mwaka 2003, ofisi ya Harshida ya kuchapa na kutoa fotokopi, Mtaa wa Msimbazi, ilikuwa na kompyuta mbili na feni moja. Feni ilimwelekea Violeth, kwa sababu ndiye aliyechapa haraka. Mwezi ule alikuwa na kazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu, Abdulrazak, aliyelinganisha sera za usalama wa mtandao za Marekani na China. Mwandiko wa kijana haukusomeka, basi alikaa pembeni akimsomea.

Huko kusomewa ndiko kulikomuuma roho mumewe, Pantaleo, muuza vioo vya magari wa Gerezani. Kila jioni akimpitia mkewe, alimkuta mwanamume kamwinamia, anamsomea habari za maneno ya siri.

Siku ilipokamilika sura ya Marekani, Pantaleo alikuta karatasi kwenye mfuko wa shati lake. Ilikuwa imechapwa vizuri: kila alichosema mkewe tangu asubuhi, na saa zake. Ndivyo ilivyosema ile sura, kwamba Mmarekani anakuacha useme, ila anabaki na nakala. Pantaleo akavaa miwani. "Shikamoo, mama." "Wino umeisha." "Rudia hapo, Abdulrazak." Hiyo ya mwisho aliisoma mara saba.

"Arudie nini?" alimuuliza mkewe.

"Aya ya pili," alisema Violeth. "Na karatasi uwe unaitoa kabla sijafua."

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya China, ambako, kwa maelezo ya Abdulrazak, neno lisilotakiwa hukatwa kabla halijafika. Tangu hapo majina ya wanaume yakawa hayatoki kinywani mwa Violeth. Akifika kwenye jina, midomo inacheza, sauti hamna, kisha anaendelea. Mwanafunzi akawa anaitwa "wewe wa kurasa", naye akaitika.

Ungedhani Pantaleo angetulia. Wapi! Sasa karatasi zilikuja na mapengo, na kila pengo yeye aliona kuna mwanamume ndani.

"Hapa ulimtaja nani?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya pengo.

Violeth alijaribu kumjibu, ikatoka pumzi tupu. Jina lilikuwa Pantaleo. Asubuhi ile alikuwa akimsifia kwa Harshida, namna alivyomtengenezea redio.

Kazi ikaisha. Abdulrazak alihitimisha kwamba mataifa yote mawili yanaogopana mno, hata hayawezi kuacha kuchunguzana, akachukua nakala zake, hakuonekana tena. Violeth, aliyechoka kuulizwa kila neno, akanyamaza moja kwa moja, ofisini, njiani na mezani. Karatasi hazikukoma. Zilikuja kila jioni, nyeupe, zikiwa na saa tu pembeni.

Pantaleo alimpelekea moja Safari, fundi wa jirani pale Gerezani. Safari akaiinua juani, akaigeuza, akasema haina kitu.

"Najua haina kitu," alisema Pantaleo. "Toka saa nne na robo mpaka saa tisa kanyamaza. Nataka kujua alikuwa ananyamaza na nani."