Bomba la Mwaka Jana

Koleo la shemeji yake liligonga bomba saa tatu asubuhi, na fundi akashuka shimoni kulitazama. Alifuta udongo kwa kiganja, akakuta kwenye kiungo mistari miwili ya rangi nyekundu. Ni alama anayoiweka mwenyewe kila akimaliza kukaza nati.

"Hili si letu la mwaka jana?" aliuliza shemeji.

"Letu. Nyamaza kwanza."

Mwaka jana wao wawili ndio waliolihamishia upande huu wa barabara, kupisha kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mchoro ukabadilika, kituo kikasogezwa hatua arobaini, na bomba likawa njiani tena. Haya, lihamishwe, yaishe. Sasa mbona huyu afisa wa idara ya maji, mwenye buti zisizojua tope, amesimama ukingoni anaandika wala hatazami shimoni?

Afisa alimshushia karatasi na kalamu. Fundi aliisoma kila mstari mara mbili, maana karatasi inayokuja na kalamu yake haimwingii akilini. Iliandikwa kwamba bomba ni kuukuu, limeliwa na kutu, libadilishwe kwa jipya lenye upana mara mbili, mpaka kwenye tangi la mtaa wa tatu.

"Afisa, hili ni la plastiki. Linapataje kutu?"

"Wewe saini tu. Bila bomba jipya idara haitoi kibali, na wa treni hawana muda wa kubishana. Watalipa."

"Na huko mtaa wa tatu, treni inafika?"

"Kumbe siku hizi wewe ni mhandisi." Afisa alicheka kidogo. "Mafundi wako wengi mjini, bwana."

Hapo fundi aliogopa kweli. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto amekaa vibaya, daktari ameshasema ni upasuaji, na kadi ya bima ilikuwa ya kazi hii hii. Shemeji alimtazama. Mwenye mimba ni dada yake. Fundi akasaini, akajichukia mpaka mate yakawa machungu mdomoni.

Mchana bomba jipya lilishushwa. Walikuwa kwenye nati ya tatu afisa alipochungulia tena.

"Msikaze sana," alisema, kama mtu anayeagiza chai. "Nasikia mchoro wa mwakani una mabadiliko. Msije mkapata taabu kufungua."

Akaenda zake. Shemeji akalegeza mkono. Fundi akamnyang'anya spana, akaurefusha mpini kwa kipande cha bomba la chuma, akauegemea kwa uzito wake wote. Alikaza nati ya tatu, akarudia ya kwanza na ya pili, akaendelea na zilizobaki.

"Watakaoletwa kuzifungua ni sisi, shemeji," kaka wa mkewe alimkumbusha.

"Najua," fundi alisema, akahamia nati nyingine.