Daftari la Pumzi za Thoya

Saa mbili na robo asubuhi Thoya alivua viatu vyake vya mpira, akavisimamisha kando ya mlango vikiwa bado vinanuka samaki, akanywa chai kikombe kimoja, akalala. Kazi yake ilikuwa kupakia barafu usiku kwenye bandari ya samaki ya Liwatoni, na kwa miaka kumi na mmoja usingizi wake ulikuwa wa mchana. Sidi, mkewe, aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda, akafungua daftari la mistari, akaiweka simu gotini ili aone saa. Ilipofika saa mbili na dakika thelathini na nne, mkoromo ulipanda, ukakwama, ukakatika. Kifua cha Thoya kiliinuka na kushuka bila kuingiza kitu. Uani, mfereji wa bomba uliokuwa mkavu tangu mwezi wa Ramadhani ulikohoa mara mbili, ukatoa maji.

Yalikuwa maji safi, matamu, yenye nguvu. Yalitoka kwa sekunde arubaini na moja. Kisha Thoya alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, na mfereji ukajifunga. Sidi aliandika: 2:34, sekunde 41. Nje, wanawake kumi na wanne walisogeza mitungi yao hatua moja. Walikuwa wamevua kandambili, wasije wakamwamsha.

Daftari lilikuwa agizo la Daktari Nekesa. Miezi miwili nyuma Thoya alikuwa amelala wima kazini, sepetu mkononi, shibiri moja kutoka kwenye meno ya mashine ya kusaga barafu. Mwenzake alimvuta kwa ukosi wa shati. Hospitalini walimbandika nyaya kichwani na kifuani, wakamlaza, wakamsoma. Nekesa alieleza kwa utaratibu kwamba koo la Thoya hujifunga usingizini, kwamba moyo wake hufanya kazi ya mtu aliyebeba gunia akipanda ngazi, na kwamba siku moja huenda asizinduke. Alale ubavu, apunguze mwili, na mkewe aandike kila pumzi inapokatika na inaporudi.

Sidi aliandika kwa uaminifu. Hakuandika habari ya mfereji, kwa kuwa hakuulizwa.

Mtaani hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Maji yalikuwa yamepotea katika kila nyumba, na sasa yalipatikana katika nyumba moja. Bi Swafia, mama wa nyumba ya pili, aliomba kulitazama daftari, akalirudisha siku ileile na neno lake.

"Mumeo hukatika kwa muda mrefu baina ya saa nne na saa tano, akilala chali," alisema. "Wenye watoto wachanga tutawaweka saa hizo. Nakuomba, mwanangu, utupigilie msumari hapa mlangoni, daftari tulione sote."

Sidi alipigilia msumari.

Majirani hawakuwa watu wasio na shukrani. Ijumaa walileta biriani, Jumapili mkate wa sinia, na siku za katikati mahamri na mbaazi za nazi. Shingo ya Thoya ilinenepa hadi vifungo vya shati vikakataa. Mtu alileta mto mpana wa sufi, wa kumsaidia kulala chali.

"Leo yuwalala ubavu," Bi Swafia alinong'ona siku moja, akichungulia penye pazia. "Mgeuze, mwanangu. Polepole."

"Daktari amesema alale ubavu, Bi Swafia."

"Huyo daktari kwake hakuna mfereji?"

Wanawake walicheka huku wameziba midomo kwa mitandio.

Katika mwezi huo alikuja afisa wa maji, akiwa na barua ya malalamiko iliyotiwa sahihi na mtaa mzima miezi mitatu kabla. Alifika saa nne na dakika kumi, akafungua mfereji, na Thoya akakatika kwa sekunde hamsini na nane. Afisa alinawa mikono, akanywa, akaandika katika fomu yake: Huduma ipo.

"Maji hayo si yenu," Sidi alimwambia. "Ni ya mume wangu." Akamfungulia pazia.

Afisa alimtazama Thoya, midomo imeanza kuwa ya buluu, na maji yakimiminika nyuma yake. "Pole, mama," alisema. "Ana kibali cha kusambaza maji?"

"Hana."

"Basi sitaliandika hilo. Sitaki kumtia matatani." Akalifunga faili.

Mwanzoni mwa mwezi uliofuata Nekesa aliwaazima mashine ya kusukuma hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya puani. Thoya aliipima kwa mkono kama mtu anayepima lijamu ya punda.

"Nitavaa mpaka lini, daktari?"

"Kila unapolala, baba. Ni kama miwani. Ukivua, huoni tena."

"Nitalala nimefungwa kama ng'ombe."

"Utalala," Nekesa alisema. "Hilo ndilo jambo." Akamwonyesha Sidi kichupa cha kando, cha kutia maji ili hewa isimkaushe mgonjwa koo. Yawe maji safi ya kunywa. Maji ya kisima yana chumvi, yangeharibu mashine.

Siku ya kwanza Thoya aliing'oa mara mbili, akisema anazama. Siku ya pili aliamka na alama ya kamba shavuni. Siku ya tatu alilala saa sita mfululizo bila kukatika hata mara moja. Alipoamka alikaa kitandani akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Umekonda, Sidi," alisema. "Tangu lini?"

Sidi alitoka uani ili asimwone akilia. Wanawake walikuwa bado wameketi na mitungi mikavu. Walimsalimu, wakamuuliza hali ya mgonjwa, wakamshukuru Mungu, wakaondoka alasiri ilipoadhiniwa. Biriani haikuja Ijumaa hiyo.

Siku ya saba Bi Swafia alipiga hodi, akaketi, akakataa chai.

"Binti yangu amejifungua. Mtoto twamwosha kwa maji ya kisima, na macho yamemwiva. Hatusemi umuue mumeo, mwanangu. Apumzike na mpira wake. Kisha atupe saa moja tu."

"Na asipozinduka?"

Bi Swafia aliukunja upindo wa buibui lake. Wote wawili waliutazama mfereji. Sidi alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo peke yake, akihesabu sekunde: siku ambayo Thoya hatarudi, maji yatatoka bila kukoma, na mtaa hautahitaji daftari tena.

"Hapana," Sidi alisema.

"Nimekusikia," Bi Swafia alijibu kwa upole, akamtakia mumewe afya njema.

Siku ya tisa kichupa cha mashine kilikauka. Dukani kwa Mutunga hapakuwa na chupa hata moja ya maji. Mtaa mzima ulikuwa ukizinunua tangu mfereji uliponyamaza. Sidi alikwenda kwa miguu hadi kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, akakuta wachuuzi wamewauzia abiria wa mabasi hadi chupa ya mwisho. Aliporudi, Thoya alikuwa amelala na mashine kavu, damu ikimchuruzika puani ndani ya barakoa.

Sidi alimfuta damu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na moja. Alifungua kamba, akamvua barakoa, akachukua kikombe cha bati, akaenda kusimama penye mfereji. Wanawake walikuwapo. Hawakuwa wameacha kuja.

"Pita mbele," walimwambia. "Wewe ndiwe mwenye nyumba."

Mkoromo ulipanda, ukakwama, ukakatika. Kikombe kilijaa kwa sekunde tatu. Sidi alirudi chumbani haraka bila kumwaga, akajaza kichupa, akaishika barakoa juu ya uso wa mumewe. Nje alisikia mtungi ukiondolewa na mwingine ukiwekwa, kisha mwingine. Kitoto kilikuwa kikilia.

"Bado kidogo, mwanangu," Bi Swafia alisema nyuma ya pazia. "Beseni la mtoto tu."

Sidi alitazama simu. Aliisikia sauti ya maji katika beseni ikibadilika kadiri beseni lilivyojaa. Ilipofika ukingoni alimtikisa Thoya kwa mikono yote miwili, akamtikisa tena, na mara ya tatu pumzi ikarudi. Alimvisha barakoa, akafunga kamba, akawasha mashine. Kisha akaandika: 4:12, sekunde 97. Akalitundika daftari kwenye msumari wake.

Kesho yake, kabla ya saa nne, kandambili zilikuwa zimepangwa mlangoni mbili mbili. Mitungi ilikuwa katika safu yake uani, na mbele ya mitungi yote, penye nafasi ya kwanza, palikuwa na kikombe cha bati cha Sidi.