Herufi Moja ya Babu Bura

Kuuliza ni ujinga. Siku ya kwanza niliandika methali ya wahenga ubaoni, nikafuta "si", nikaweka "ni".

Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja wa chuo kikuu, wamerudi Hanang likizo, nami niliwafundisha kusoma Kijerumani katika ukumbi wa parokia, Katesh. Sheria ilikuwa moja: kamusi unayo, macho unayo, mimi usinisumbue.

"Madam," Bryson alisema, "kumbe diploma nayo inafundisha digrii?"

Wakacheka. Nikacheka nao.

Bryson alikuwa na ukurasa wa mmisionari wa zamani uliomtaja babu wa babu yake, Bura. Alitugawia nakala wote, kwa majivuno. Ukoo wake kule Mogitu ulikuwa unachonga jiwe la kumbukumbu: Bura, aliyefungwa na Wajerumani kwa kuficha ng'ombe wa majirani. Ushahidi ulikuwa neno moja, Haft. Kifungo.

Ila katika chapa za kale za Kijerumani, s ya katikati ya neno husimama kama f. Tofauti ni kamstari kanakokata shingo. Bryson alinisogezea karatasi.

"Madam, hii ni f au s?"

Niliona papo hapo. Hast. Haraka. Bura hakufungwa, Bura alikuja mbio.

"Kamusi unayo."

"Basi ni f," akasema, akaikunja. Mstari wa chini hakuugusa. Aliyepata alichotaka haendelei kusoma.

Siku ya kuzindua jiwe nilikaa mbele, nikala nyama yao. Bryson akasoma, vigelegele vikapigwa. Ndipo akasimama Genoveva wa Gendabi, mwanafunzi wangu ambaye hajawahi kuniuliza hata saa.

"Soma na mstari unaofuata."

Bryson akakwama. Genoveva akamsomea, neno kwa neno: asubuhi Bura alikuja kwa haraka, akaonyesha ng'ombe walikofichwa. Wenye ng'ombe wakanyongwa.

"Wa kwanza kunyongwa ni babu wa babu yangu," akasema, akaketi.

Wageni wa Gendabi wakaondoka bila kuaga. Jiwe likafunikwa turubai.

Juzi Gaudensia, mama yake Bryson, alinifuata ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Kaa nayo shikamoo yako. Ulijua?"

"Nilijua."

"Herufi moja, binti! Ungemwambia herufi moja tu. Sasa hata kanisani haendi. Kutwa kucha na makaratasi yako, kila neno analirudia mara tatu."

"Anamuuliza mtu?"

"Hamuulizi mtu."

"Basi amefaulu."

"Niombe radhi."

"Siombi."