Maua ya Mukwe

Mama Virginie wa Musienene alipenda etang yake, kile kidimbwi cha kufugia samaki, kupita hata nguo zake za kanisa. Ile mwaka ya vita, basoda na bunduki zabo balifunga njia ya ziwa, samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, ikakosekana. Donc, basi, karamu ya ndoa ya binti yake Falonne ilingojea ile etang tu.

Sasa shida ilikuwa maua! Josaphat, muchumba wa Falonne, alikuwa ameitoa ku ziwa na kumuletea zawadi mbele ya njia kufungwa: maua ya zambarau, inaelea juu ya maji bila udongo. Virginie alifurahi sana, akaitia mu etang. Aka! Ile kitu inazaa kupita panya. Mbele mvua iishe, maji yote ilifunikwa, na samaki zilikuwa zinakuja juu kutafuta hewa.

"Mama, tuingoe," Falonne akasema.

"Zawadi ya mukwe banaitupaka? Uliona wapi?" Hapa kwabo, kuitupa ni kumutupa mukwe mwenyewe. Lakini roho ilikuwa inamuchoma Virginie.

Siku ya kuleta mbuzi za mahari, bakwe bakafika toka Beni, na makostimi na viatu vya kungaa. Muzee Gamaliel, baba ya Josaphat, alikuwa muvuvi wa Kyavinyonge mbele vita imukimbize. Akaona etang, akasimama.

"Nani alileta hii mubaya? Ku ziwa ilifunga port yetu yote, pirogi za kuvulia haitoke, haiingie!"

Virginie akaangalia mbuzi. Josaphat akainua mukono pole pole, sawa mutoto wa primaire mbele ya mwalimu.

"Ni miye, papa."

Basi, ndoa imekufa, Virginie akawaza. Lakini muzee, kusikia ni mwana wake mwenyewe, akacheka mpaka kofia ikaanguka! Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mu matope. Bakwe bote bakamufuata na wimbo. Majani ikatoka vitunga kwa vitunga, mbuzi za mahari zikaanza kuitafuna.

Mangaribi samaki zikaruka mu maji safi. Virginie akalia kwa furaha, matope mpaka ku masikio. Falonne alikuwa amebakisha ua moja mu nywele. Mama akalitoa, akaangalia kama haina muzizi, akalirudisha.

"Mukwe," akamwambia Josaphat, "ninakupenda sana. Siku ingine, leta chumvi."