Kozeri ya Mwalimu Wilondja

Adolphine alisema askari waliingia kwa jirani yao Pulchérie bila kupiga hodi, wakapita sebuleni, wakapita jikoni, wakaenda moja kwa moja nyuma ya kitanda na kuvuta gunia la chumvi lililofunikwa mikeka. Hawakupekua pengine. Hawakuuliza mtu.

"Kama mutu mwenye kurudilia kofia yake," alisema, na akainama kuonyesha namna askari alivyoinama.

"We ulikuwa pale?" Constance akamuuliza.

"Mi nilikuwa Mboko, nilienda kuuzisha mihogo. Lakini niliona."

"Uliona toka Mboko?"

"Eh, Constance! Unaniuliza kama mutu wa tribinali. Sikiliza kwanza. Nani alibaambia chumvi iko wapi? Mutoto yake! Alisimama ku masomo, kwa ile kozeri ya Mwalimu Wilondja, akasema: kwetu iko gunia ya chumvi, mama anakataza tusiguse. Siku ya soko basoda bakakuya."

Constance aliendelea kutwanga sombe, majani ya mihogo. Habari za Adolphine alizijua: ukizipepeta, nusu inaruka na upepo. Lakini ile nusu inayobaki ndiyo inayokunyima usingizi. Katika Baraka ya miaka ile, chumvi iliyozidi ya nyumba moja ilikuwa na maana moja tu: inapanda mlimani, kwa watu wa msituni wanaopigana na serikali. Na Constance alikuwa amefunika kitu kikubwa kuliko chumvi. Alikuwa amemfunika Henri.

Henri alikuwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Alipanda mlimani akiwa kijana mwenye kucheka, akashuka na mguu uliovimba kama shina la mgomba, na sasa alilala katika kibanda cha shamba la mihogo, ng'ambo ya mto Mutambala. Kila mchana Constance alimpelekea chakula, na binti yake Georgette akabeba maji. Angemwacha wapi? Mume yuko kazini Kalemie, na mtoto wa kalasi ya kwanza haachwi peke yake. Shida ni kwamba mdomo wa Georgette haukuwa na mlango. Alichokiona asubuhi, jioni hata kuku walikijua. Hajasema bado kwa sababu bado hajaulizwa vizuri.

Na mwalimu alikuwa anauliza.

Mwalimu Wilondja alikuja mwanzo wa mwaka ule, mtoto wa wavuvi wa Ubwari, suruali yake imenyooshwa mpaka unaweza kukata sabuni nayo. Siku ya kwanza aliita wazazi, akawasimamisha mbele ya mawe yaliyopakwa chokaa, akawapa taratibu zake.

"Mutoto afike mbele bendera haijapanda. Akichelewa, atarudi na yule aliyemuleta. Kucha zikatwe. Jumamosi kila mutoto na jembe yake, ya salongo, kazi ya bote. Haya mawe meupe muzazi asiyapite. Huku ndani mutoto ni wangu. Akikosa siku moja, mama mwenyewe akuye kusema sababu, si jirani. Na kila asubuhi, mbele ya hesabu, tutafanya kozeri. Mutoto atasimama, atatuambia jana kwao balikula nini, balifanya nini, nani alikuja."

Wazazi waliitikia. Kucha, sawa. Jembe, sawa. Ila Constance, ambaye tangu utoto alikuwa mtu wa kutazama zaidi ya kusema, aliona kwamba mwalimu alipofika kwenye "nani alikuja" aliacha kuwatazama watu, akatazama viatu vyake.

"Mwalimu," Adolphine akapaza sauti kutoka nyuma, "hiyo ya nani alikuja, itamusaidia mutoto ku hesabu?"

"Itamusaidia kusema mbele ya batu, mama. Mutoto mwenye kuogopa kusema, hata kusoma hasomi."

Jibu zuri. Constance aliligeuza kichwani njia nzima, akitafuta mahali lilipooza, asipaone. Lakini jioni za Ijumaa mwalimu huyohuyo alionekana akinywa na mkubwa wa chama cha serikali wa kartye, mtaa wao, viti vimesogezwa karibu, wanaongea polepole. Inawezekana ilikuwa pombe tu. Inawezekana pia mtu akutane na chui, na chui aende zake kunywa maji.

Kwa hiyo, baada ya habari ya Pulchérie, Constance aliwakuta wanawake ziwani wanafua, akaweka beseni lake katikati yao.

"Bamama, tubape batoto neno moja. Bote baseme lile lile. Jana tulikula bukari ya mihogo na ndagala mubichi, tukasali, tukalala. Hakuna mutu alikuja."

"Hata batoto bangu?" Kampire akauliza. Kampire alikuwa ameshuka kutoka Bibokoboko na watoto wake ili wasome, na kwao, watu wa ng'ombe, samaki hawaliwi. "Mama mukwe yangu akisikia bajukuu yake banakula ndagala, atashuka na fimbo."

"Baseme tu! Ndagala ya mudomo haina muiba."

Walicheka, maji yakaruka. Ziwa wakati huo lilikuwa jeusi kila usiku, taa za wavuvi zimejaa, na ndagala zilianikwa mpaka juu ya makaburi. Nani angewaza zaidi ya hapo? Watoto walilishika neno lile kama wimbo wa kuruka kamba. Asubuhi baada ya asubuhi Georgette, ambaye masomoni aliitwa Mlasi kwa kuwa majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyakataza, alisimama akasema bukari, ndagala mubichi, tukasali, tukalala. Mwalimu aliitika kwa kichwa. Constance alianza kupata usingizi.

Kisha mwezi ukakua. Ulikua ukajaa, ukamwaga mwanga ziwani, na kama kila mwezi wavuvi wakazima taa, wakavuta mitumbwi, wakakaa kushona nyavu. Ndagala hazifuati taa mwezi ukiwaka. Kila jiko la Baraka lilirudi kwenye maharagi. Ila watoto, ambao hakuna aliyekumbuka kuwabadilishia wimbo, waliendelea kula ndagala mubichi.

Jumamosi, baada ya salongo, mwalimu aliita wazazi tena kwenye mawe meupe. Hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga.

"Mimi nilizaliwa Ubwari," alisema. "Baba yangu ni muvuvi, na babu yangu. Sasa munifundishe. Ziwa yote imelala, mwezi iko kama mchana, na kalasi yangu nzima inakula ndagala mubichi. Bamezivua wapi?"

Wazazi walitazama mawe.

"Mi nilibaambia," Kampire akanong'ona pembeni ya Constance. "Mungesema maziwa. Ng'ombe haingojake mwezi."

Mwanamke mmoja akashikwa na kicheko cha woga, akakimeza. Mwalimu aliwapitia kwa macho, uso baada ya uso.

"Mutu amebafundisha batoto. Siulize nani. Lakini kuanzia Jumatatu, kila asubuhi muzazi mumoja atapita haya mawe, atakaa nyuma ya kalasi, asikie kozeri mwenyewe." Macho yake yakasimama kwa Constance. "Tutaanza na mama ya Mlasi."

Kwa nini yeye? Walikuwapo wengi mbele yake. Njiani Adolphine alimshika mkono: "Anajua. Mi nakuambia anajua." Constance alimwambia aache, lakini mkono wake hakuutoa.

Jumapili alikaa na Georgette, akamwambia aseme maharagi, na asiseme zaidi. Georgette akakubali haraka, kama anavyokubali kila kitu. Constance alitaka kumhamisha Henri, lakini mguu ule haukuweza kuvuka hata kizingiti.

Jumatatu alikaa kwenye benchi ya nyuma, magoti karibu yaguse kidevu. Watoto waliimba wimbo wa chama, wakakaa. Mmoja akasema kwao walikula sombe. Mwingine akasema baba yake alimpiga mbuzi. Mwalimu aliwauliza mambo madogo madogo, mbuzi wa rangi gani, watoto wakacheka, na kwa dakika kadhaa Constance akaona kalasi tu, mwalimu anayependa watoto waseme. Kisha jina likaitwa.

Georgette akasimama. Akageuka akamtazama mama yake, akatabasamu.

"Jana tulikula bukari na maharagi. Mama alipika sufuria mbili. Moja yetu, na ingine ya ku shamba, ya—"

"Kaa," mwalimu akasema.

"Lakini sijamaliza, Mwalimu."

"Umesema vizuri. Kaa. Tunaingia hesabu."

Hakuwa amemkata mtoto mwingine yeyote asubuhi ile, na nyuma ya Georgette walibaki wengi ambao hawakuitwa. Mwalimu aligeukia ubao, akaandika namba, mgongo wake umenyooka. Constance alitazama mgongo ule mpaka macho yakamuuma. Mtu humfunga mtoto mdomo kwa sababu hataki kusikia. Au kwa sababu ameshasikia ya kutosha.

Watoto walipotoka kucheza, alimkuta mwalimu mlangoni akipangusa chaki mikononi. Mkubwa wa chama alikuwa anapita barabarani na baiskeli yake. Alipunguza mwendo, akamwinulia mwalimu mkono. Mwalimu naye akainua wake.

Constance akangoja baiskeli ipite.

"Mwalimu," akasema, na akapiga goti kidogo kama mbele ya baba mkwe. "Kucha nitakata. Jembe ataleta. Hatachelewa hata siku moja. Lakini kwa kozeri, nakuomba, umuache mutoto yangu anyamaze. Baite bengine. Yeye umuache tu."

Mwalimu Wilondja alimtazama. Midomo yake ilifunguka kidogo. Kisha akatazama barabara ilikokwenda baiskeli, akachukua kengele dirishani, na ingawa watoto walikuwa ndiyo kwanza wametoka, akaanza kuipiga kwa nguvu, neno lolote lisisikike tena pale mlangoni.