Nukta Chini ya Maneno Yaliyokatwa

Mjane alifika chumba cha mashine asubuhi ya tarehe ishirini na tatu Desemba, daftari la marehemu likiwa kwapani. Zilikuwa zimepita karibu wiki tatu tangu mazishi. Sista wa zamu ndiye aliyempigia simu, akamweleza kwamba wagonjwa wake wamepoa kama chai ya jana, kwamba saa nne za kusafishwa damu zimekuwa ndefu mno, na kama shemeji hataona vibaya, wanaomba kusomewa hata kurasa mbili tatu zilizobaki.

Shemeji ndilo jina walilompa. Mumewe walimwita Redio. Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alilala kitanda cha dirishani, mkono mmoja kwenye mirija, mwingine umeshika daftari, akawasomea wenzake jambo lililotokea siku kama hiyo zamani, kisha habari moja mpya ya sayansi au ya watu. Hakuwa msomi wa kutajwa. Kazi yake ilikuwa kusahihisha kalenda kwenye kiwanda cha uchapaji, na kazi hiyo ilimfundisha woga: tarehe moja ikikosewa, nyumba elfu kumi zinakosea nayo mwaka mzima. Ndiyo maana hakuandika jambo mpaka alione mahali pawili. Mwezi aliuandaa wote kabla haujaanza. Desemba aliiandaa yote, akaiishi siku mbili.

Wenzake walikuwa walewale watatu. Mzee wa Posta, aliyestaafu kugawa barua. Mama Cherehani, fundi wa nguo. Na Dereva wa malori, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka arobaini. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Mjane hakukitazama sana. Alivuta kiti akaketi katikati yao.

Nje, kwenye benchi, alikuwa amempita dada mdogo wa Dereva, bahasha ya kaki mapajani. Hakuna asiyejua kilichomo: majibu yanayosema figo ya dada inamfaa kaka, na fomu inayongoja sahihi ya kaka. Huu ni mwezi wa tano inangoja. Daktari alikwisha kumwonya Dereva kwamba moyo wake unachoka, na baada ya mwaka mpya huenda usihimili tena upasuaji. Dereva hataki kusikia. Mama yao alizaa wawili, husema, na kama watu wana hamu ya kuzika wawili, wachimbe kabisa.

Mjane aliijua habari hiyo kwa undani, maana ilikuwa yake pia. Yeye naye alipimwa akaonekana anafaa. Redio akasema ngoja kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo; hii ilimwachia nyumba yenye sahani moja mezani.

Redio alikuwa na mwiko mmoja: habari za figo hazisomwi chumbani humo. Mwenye njaa, alisema, hasimuliwi karamu ya jirani. Kwa hiyo usiku uliotangulia, mjane alipoona ukurasa wa tarehe ishirini na tatu unahusu figo na wote umekatwa kwa mistari, hakushangaa. Aliamua kuuruka, asome wa tarehe kumi na saba ambao hawakuwahi kuusikia.

Akasoma. Siku ile mwaka 1903, ndege ya kwanza yenye injini iliruka na mtu ndani yake kwa sekunde kumi na mbili. Mzee wa Posta akasema sekunde kumi na mbili ni nini, yeye chooni hukaa zaidi. Mama Cherehani akamjibu kwamba hilo wanalijua wote, foleni ndiyo shahidi.

Mjane akafunua ukurasa wa siku yenyewe ili aupite. Mwanga wa dirisha ukamwonyesha kitu ambacho taa ya nyumbani ilikuwa imemficha. Chini ya maneno yaliyokatwa kulikuwa na nukta za penseli, zimefuatana kama sisimizi. Alama ile aliijua. Miaka mingi yeye na mumewe walikuwa wamesahihisha pamoja kwenye meza ya kulia. Msahihishaji akikata maneno kisha akajuta, hayaandiki upya. Huweka nukta chini yake, maana yake: nimekosea kuyakata, yaachwe yalivyo.

Uchungu ulimpata, ukafuatwa na hasira: mumewe aliweza kuwawekea wengine nukta, na yeye mkewe asimwambie neno. Kisha akasoma.

Tarehe ishirini na tatu Desemba, mwaka 1954, madaktari walichukua figo ya mtu mmoja wakampandikizia pacha wake, na kwa mara ya kwanza upandikizaji wa namna hiyo ukafanikiwa. Aliyepokea aliishi miaka minane, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili.

Mzee wa Posta akamgeukia sista, akataka kujua kama amesikia, na barua ya posa ipelekwe wapi. Sista akamwambia aache chumvi kwanza, ndoa baadaye. Mjane akaongeza habari mpya, kwamba siku hizi kuna watu hai waliopandikizwa figo za nguruwe. Mama Cherehani akasema akiwekewa hiyo, wateja wasimlaumu akikoroma juu ya vitambaa vyao.

Dereva hakucheka.

"Na yule aliyetoa, shemeji? Huyo mnamruka. Alikufa lini?"

Mjane akatafuta mstari wa mwisho. "Aliishi miaka hamsini na sita zaidi. Alikufa akiwa na miaka sabini na tisa."

"Redio alihakikisha?"

"Mahali pawili. Ameandika pembeni."

Dereva akanyoosha mkono wake ulio huru, akapewa daftari, akasoma mwenyewe polepole. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Wewe ulitaka kumpa yako?"

"Nilitaka."

"Una kinyongo naye?"

Mjane alifikiri. "Ninacho. Alidhani ananihurumia. Haya, figo zangu mbili ninazo, yeye simwoni."

Dereva akamwomba sista amwite dada yake. Dada akaingia mbio, akidhani ni msiba.

"Una miaka mingapi wewe?" Dereva akamuuliza.

"Kaka, umeniita nije nikutajie umri?"

"Jibu."

"Thelathini na minne."

"Jumlisha hamsini na sita."

Dada akamtazama sista, kama anayeuliza mashine imeharibu nini. "Tisini."

"Miaka tisini," akasema Dereva, "na mdomo huohuo. Wajukuu watakukoma." Akamrudishia mjane daftari. "Lete hiyo karatasi niisome. Sijasema nasaini."

Dada akafungua bahasha. Hata hivyo, akaanza kutafuta kalamu kwenye mkoba.