Tasi wa Fungu la Bibi

Kila mwaka watu wa Saadani walichinja mbuzi, wakapika ubwabwa na kusoma dua ufukweni, ili samaki aina ya tasi waliohama Fungu la Bibi, fungu la mchanga karibu na ufuko, warudi. Mzee Bwanausi ndiye aliyeiongoza dua hiyo. Mwaka huu masufuria yalikuwa yamekwisha injikwa, na binti yake Rukaya anachochea kuni, Jasmin alipofika na majibu.

Jasmin ni mtafiti wa samaki. Mwaka jana alikata vipande vya mapezi ya tasi wa hapo, akakata na vya tasi wa Kilwa, akaenda kuvipima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuambie. Hao wa Kilwa wamewaficha wapi samaki wetu?"

Watu wakacheka. Jasmin akasema vinasaba vimeonyesha kwamba tasi wa fungu lile ni ukoo wao peke yao, hawajachanganyika na wa Kilwa vizazi na vizazi. Wakiisha hawa, hakuna wa kuja kujaza pengo. Akaomba pasitegwe nyavu pale miezi ya kutaga mayai.

"Loo! Kumbe samaki nao wana makabila!" Muhidini, mpwa wa mzee, akadakia. "Mahari yao kubwa nini, hata wa Kilwa hawaji kuposa?"

"Bahari ni moja, mwanangu," Bwanausi akamwambia Jasmin kwa upole. "Wameondoka, watarudi."

Rukaya alijua baba yake asiposema neno, hakuna wavu utakaotoka pale. Na matumbo ya tasi wale aliyapasua yeye tangu utotoni, akayakaanga mayai yao, akala akashiba. Akaweka mwiko chini.

"Samahani, baba. Wale wa Fungu Dogo mnawaombea tangu sijazaliwa. Wamerudi?"

Bwanausi alimtazama bintiye, kisha akatazama maji. Fungu Dogo la jirani alilivua yeye na marehemu kaka yake, mpaka wavu ukawa unatoka na majani matupu.

"Hawajarudi," akasema. "Hawakuhama hao. Tuliwala."

Akainua mikono, na wote wakainua. Walizoea kusikia, "Waliotutoka uturudishie." Safari hii akasema, "Ya Rabi, waliobaki utuhifadhie. Na sisi utusamehe."

"Amina," wakaitika, wachache kwa sauti.

"Wavu wangu nautoa leo," Bwanausi akasema.

Muhidini akasimama. "Na watoto wangu wale nini, mjomba?"

"Sijui, baba. Wallahi sijui," mzee akamjibu mpwawe.

Muhidini akachukua viatu vyake, akaondoka bila kuonja chakula. Wengine watatu wakamfuata. Rukaya akapakua sinia moja baada ya jingine. Waliobaki wakala, na kwa mara ya kwanza ubwabwa wa dua ukabaki. Jua lilikuwa bado kali mzee alipokunja kanzu, akaingia majini peke yake kuukata wavu wake vigingini.